Tairi la Lori Halisahau

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi huitumia methali hii wanapozungumza juu ya homa na vidonda. Wachache hukumbuka kwamba hata tairi la lori huwa na maradhi yake, na kwamba maradhi hayo yakifichwa, kifo hakimjii yule aliyeyaficha, bali humjia mtu mwingine asiyejua lolote: kijana aliyeinama kando ya gurudumu, mpira wa pampu mkononi, akitii amri ya kujaza upepo.

Na ichukuliwe hadithi ya mfano, ambayo dereva yeyote wa malori ya jeshi au ya polisi ataitambua. Koplo mmoja ametumwa kupeleka unga, maharage na mafuta ya kupikia kutoka Mbale hadi kambi iliyo upande wa Moroto. Jua ni kali, mzigo ni mzito. Njiani akasimama kukagua gari, akakuta tairi la ndani, katika matairi pacha ya nyuma, limelegea. Tairi la akiba alikwisha kulitumia asubuhi. Akawaza: "Pacha wake wa nje atambeba mwenzake." Akapanda, akaendesha. Kilomita ishirini zikapita, kisha thelathini. Magharibi akaingia kambini salama, akashusha mzigo, akaenda kula.

Asubuhi askari kijana aliitwa katika karakana. "Lijaze lile tairi la ndani, gari linaondoka saa nne." Kijana akaleta mpira wa upepo, akapiga magoti ubavuni mwa gurudumu. Koplo alikuwapo, akamwona, akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alihofia tu kwamba akisema ameliendesha tairi bila upepo, ataandikiwa mashtaka ya kuharibu mali ya serikali na kukatwa mshahara.

Sajini wa karakana, mzee aliyekula chumvi nyingi, akapita hapo.

"Koplo, tairi hili lilipoteza upepo wapi?"

"Hapa hapa kambini, afande. Usiku."

Sajini akapitisha kiganja juu ya ubavu wa tairi, polepole, kama mama apimaye homa ya mtoto. Kisha akamwambia yule kijana aweke mpira chini na kusogea mbali.

"Koplo, sikuulizi ili nikuandikie mashtaka. Nakuuliza ili nijue kama huyu mtoto wa watu atarudi kwa mama yake jioni."

Koplo akatazama chini. "Nililiendesha, afande. Kilomita thelathini, labda zaidi."

Katika maneno hayo machache ndimo ulimo uhai wa kijana yule. Ili msomaji aelewe sababu, hapana budi kwanza aielewe nguvu iliyofungiwa ndani ya tairi.

NGUVU ISIYOONEKANA

Upepo hauonekani, wala hauna uzito mkononi. Ndiyo maana watu huudharau. Tairi la gari dogo la abiria hujazwa upepo wa paundi 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Tairi la lori kubwa hujazwa paundi 100, na mara nyingi hufika 120. Zaidi ya hayo, tairi la lori ni pana na lenye tumbo kubwa, kwa hiyo upepo unaobanwa ndani yake ni mwingi mara nyingi zaidi.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Malori mengi hutumia rimu yenye upana wa inchi 20, kama ilivyoandikwa kwenye matairi ya 1000 kwa 20 na 1200 kwa 20. Duara la upana huo lina eneo la inchi za mraba 314. Kila inchi ikisukumwa kwa nguvu ya paundi 100, jumla ni paundi 31,400, yaani zaidi ya tani 14. Uzito huo unawapita ndovu dume wawili kwa pamoja. Hiyo ndiyo nguvu isukumayo upande mmoja wa gurudumu wakati fundi anapochuchumaa mbele yake na kusikiliza upepo ukiingia.

Maadamu kila kitu ni kizima, nguvu hiyo hukaa kimya na kubeba mzigo. Lakini ikipata mlango, hutoka yote kwa mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hapana mwanadamu awezaye kuruka kando akaiwahi.

MILANGO MITATU YA MAUTI

Mlango wa kwanza ni rimu ya vipande. Magurudumu ya malori mengi ya mtindo wa zamani, yakiwamo ya kijeshi, hayakutengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma. Huwa na rimu yenyewe, ukingo wa pembeni, na pete ya kufungia inayokaa katika mfereji wake. Pete hiyo ikiwa imekaa barabara, upepo wenyewe huibana isitoke. Ikiwa imepinda, imeliwa na kutu, au ni ya rimu ya aina nyingine iliyolazimishwa kukaa mahali si pake, hufyatuka kama mshale na kukata kila ilichokikuta.

Mlango wa pili ni rimu ya nusu mbili zilizounganishwa kwa bolti, ambayo hupatikana katika magari kadhaa ya kijeshi. Gurudumu la namna hii lina nati za aina mbili: zile zinazolishikiza gurudumu kwenye gari, na zile zinazoshikanisha nusu mbili za rimu. Fundi akikosea, akazilegeza hizi za pili huku tairi lina upepo, atakuwa ameifungua bomu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo majeshi mengine yalizoea kuzipaka nati hizo rangi nyekundu ili mtu asizikosee hata kama ana haraka.

Mlango wa tatu ndio uliofichika kuliko yote, nao ndio wa koplo wetu. Matairi mengi ya siku hizi yana nyuzi za chuma ndani ya ubavu. Tairi linapokwenda bila upepo wa kutosha, ubavu hukunjika na kukunjuka kila gurudumu lizungukapo. Kila mtu anajua kwamba waya ukikunjwa huku na huku mara nyingi hukatika. Ndivyo zinavyokatika nyuzi hizo, moja baada ya moja, ndani kwa ndani, na kwa nje tairi laweza kuonekana zima kabisa. Siku linapojazwa upepo tena, nyuzi chache zilizosalia hubeba kazi ya zote. Moja ikishindwa, ya jirani yake hufuata, na ubavu hufunguka kwa mstari mmoja kama zipu ya koti. Upepo wote hutokea hapo.

Ndiyo maana yasemwa kwamba tairi halisahau. Dereva husahau alipopata pancha, ofisa husahau alipoamuru gari liendelee, lakini tairi huyahifadhi yote katika ubavu wake, na humlipa yule aliyekuja mwisho.

UTARATIBU UNAOOKOA

Mambo haya yaliua mafundi wengi katika nchi mbalimbali kabla hayajatungiwa kanuni. Nchini Marekani, kanuni maalum kwa mafundi wa magurudumu yenye rimu za vipande ilitolewa mwaka 1980, na mwaka 1984 ikaongezwa ili ihusu pia rimu za kipande kimoja za magari makubwa. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake dhidi ya hatari za kazi. Mafunzo yaliyopatikana kwa gharama ya damu yaweza kufuatwa katika karakana yoyote, kubwa au ndogo.

Kwanza, tairi ambalo upepo wake umeshuka hadi asilimia 80 au chini ya kiasi chake lisijazwe likiwa kwenye gari. Ikiwa lahitaji paundi 100, nalo limekutwa na 80 au pungufu, lihesabiwe kuwa mgonjwa. Utolewe upepo wote uliobaki, gurudumu lifunguliwe, na tairi livuliwe na kukaguliwa ndani na nje.

Pili, upepo utolewe kabla ya kugusa nati hata moja. Kutoa upepo maana yake ni kukiondoa kile kidude kidogo kilichomo ndani ya vali, kisha kupenyeza waya mwembamba kuhakikisha kwamba tundu halikuziba kwa uchafu. Katika matairi pacha, yote mawili yatolewe upepo, hata kama ni moja tu lenye ubovu, kwa maana rimu ya mwenzake huenda imevunjika na inashikiliwa tu na nati zinazotaka kufunguliwa.

Tatu, vipande vya rimu visafishwe kwa brashi ya waya na kutazamwa mchana kweupe. Chenye ufa, kilichopinda au kilicholika kwa kutu kitupwe. Kisinyooshwe kwa moto, kisichomelewe, wala kisichanganywe na kipande cha rimu nyingine kwa kuwa tu kinaelekea kutosha.

Nne, tairi lijazwe ndani ya kizimba cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Hata kizimba hakizuii upepo wenyewe. Huzuia chuma kisiruke. Kwa hiyo fundi asikiegemee wala asiingize mkono. Mahali pasipo kizimba, kazi ya tairi la lori isifanyike, na gurudumu lipelekwe penye kizimba. Safari ya nusu siku ni fupi kuliko safari ya makaburini.

Tano, mpira wa upepo uwe mrefu, wenye kichwa kinachong'ata vali bila kushikiliwa kwa mkono, na geji pamoja na kifungio viwe upande wa fundi. Mpira mfupi unaochomekwa kwenye tangi la upepo la lori na kushikwa kwa vidole humlazimisha mtu asimame mahali pale pale pasipofaa. Mahali pabaya kuliko pote ni ubavuni mwa gurudumu, upande huu au ule, kwa sababu huko ndiko upepo na chuma huelekea. Fundi ajitenge, na akae upande ule unaokanyaga barabara.

Sita, upepo uingizwe kwa hatua. Likisha pata kiasi kidogo, kama paundi 20, fundi afunge, asubiri, atazame na kusikiliza. Uvimbe mbavuni, mkunjo, au sauti ya kupasuka-pasuka kama kuni mbichi motoni ni nyuzi zinazokatika. Hapo asikaribie. Autoe upepo kutoka mbali, na tairi hilo liwe limemaliza kazi yake. Pete isipokaa sawa, isigongwe kwa nyundo ilhali upepo umo. Upepo utolewe wote, na kazi ianzwe upya. Nyundo moja ya haraka imewaacha watu wengi vipofu.

MOTO NA TAIRI HAVIPATANI

Iko desturi nyingine mbaya, nayo ni ya kuchomelea ufa wa rimu huku tairi limo, au kuipasha moto nati iliyoganda kwa kutu. Wako wanaodhani kwamba wakishatoa upepo hatari imekwisha. Sivyo. Joto kali huupika mpira kutoka ndani, nao hutoa gesi inayoweza kuwaka. Gesi hiyo ikishika moto ndani ya tairi, hulipuka kwa nguvu kubwa kuliko ya upepo, na mlipuko waweza kutokea baada ya saa kadhaa, wakati mchomeleaji amekwisha kwenda zake na watoto wanapita. Tairi livuliwe kwanza kutoka kwenye rimu, ndipo moto uletwe.

Vivyo hivyo dereva aliyeshuka milima ya Kabale au Kapchorwa kwa breki nyingi, akaona moshi gurudumuni, asiende kuchungulia kwa karibu. Awaondoe watu, akae mbali, na akibidi kulikaribia gari alijie kutoka mbele au nyuma, kamwe si kutoka ubavuni. Wengine humwaga petroli kidogo ndani ya tairi na kuiwasha ili ukingo wake ukae kwenye rimu kwa kishindo. Huo si ufundi, ni kucheza kamari na shingo ya mtu.

WAJIBU WA MWENYE CHEO

Kanuni zote hizi zaweza kubandikwa ukutani na zisimwokoe hata mmoja, ikiwa askari anaogopa kusema kweli. Fundi hawezi kuona nyuzi zilizokatika ndani ya ubavu. Awezalo ni kuuliza, na jibu analo dereva peke yake. Dereva anayejua kwamba kusema "niliendesha bila upepo" kutamletea adhabu atasema "limeisha hapa kambini," na uongo huo mdogo utamfikia kijana wa karakana.

Basi kamanda mwenye busara hutofautisha makosa mawili. Kuendesha tairi lililolegea ni kosa la kusahihishwa, na pengine lilifanywa kwa sababu ya amri ya kuwahi. Kulificha ni kosa zito zaidi. Yafaa kila gari liwe na daftari ambamo dereva ataandika mahali alipoligundua tairi lililolegea na umbali aliouendesha baada ya hapo, na asiadhibiwe kwa kuandika. Tairi moja lina bei, nayo inajulikana dukani. Mkono wa askari na macho yake havina duka.

Saa nayo ina lawama yake. "Gari linaondoka saa nne" ni amri halali, lakini haiwezi kuzinyoosha nyuzi zilizokatika. Fundi apewe haki ya kusema "gari hili halitaondoka," na mwenye nyota mabegani amsikilize kama vile angemsikiliza daktari.

JAMBO LA NYUMBANI

Mke wa askari atauliza: haya yanahusu nini jikoni kwangu? Yanahusu sana. Katika kota nyingi karakana na uwanja wa watoto viko jirani, na hakuna kitu kinachovuta watoto kama magari. Watoto hukusanyika kutazama tairi kubwa likijazwa, nao husimama karibu, mbele ya ubavu, ili waone vizuri. Mama mmoja akiwakanya leo na kuwaeleza sababu, atakuwa amefanya kazi ya ulinzi sawa na ile ya zamu ya usiku.

Tena, askari wengi wakistaafu hufungua kibanda cha pancha kando ya barabara kuu. Ni kazi ya heshima, nayo hulisha familia. Lakini siku ya kwanza lori linaposimama hapo badala ya gari dogo, yapasa mke na mume waulizane kwa uwazi: kizimba kipo? Mpira mrefu upo? Ikiwa havipo, mteja aambiwe kwa adabu aende mbele. Fedha ya tairi moja haitoshi hata sanda. Wala mtoto wa nyumbani asitumwe kushika mpira kwenye vali wakati baba yu mbali kwenye kompresa. Mtoto hutii, na kutii kwake ndiko kutamweka mahali pa hatari.

Mwisho, mume anaporejea jioni na kusimulia kwa kicheko jinsi pete ilivyofyatuka na kumkosa kidogo, mke asicheke naye. Amwulize alisimama wapi. Swali hilo lililoulizwa kwa upole mezani huenda likakumbukwa karakanani kuliko tangazo la ukutani.

Katika hadithi ya koplo, sajini aliamuru matairi yote mawili yatolewe upepo. Lile la ndani lilipovuliwa, ndani yake mlikutwa unga mweusi wa mpira uliosagika, kama masizi ya chini ya sufuria, na ubavuni ulionekana mkunjo uliolizunguka lote. Kijana akauchota ule unga kwa kidole, akautazama, asiseme neno. Sajini akaleta msumeno, akaukata ukingo wa tairi mahali pawili, ili asitokee mtu wa kulirudisha barabarani. Kisha akamkabidhi koplo daftari na kalamu.

Gari halikuondoka saa nne. Liliondoka saa nane mchana, na jioni yule kijana alikula chakula chake pamoja na wenzake.